Kamba za Wapiga Mishale

Usimwamini mtu anayekwambia uzi ni kitu kidogo. Uzi una kichwa kigumu kuliko punda. Ijumaa jioni Emmaculate Awiti alifunga kamba za pinde kumi na mbili, kila moja imenyooka sawasawa, akazitazama, akaridhika, akaenda kulala. Jumamosi asubuhi alipovuta pazia, zote kumi na mbili zilikuwa zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo iliyobeba blanketi lililolowa. Alivuta kiti akakaa, akawatazama wenye pinde hao, nao wakamtazama.

Walikuwa sanamu, wapiga mishale sitini, na hakuna aliyezidi urefu wa kidole chake cha mwisho. Rangi yao ilikuwa ya ufizi, na hilo halikuwa ajabu, kwa maana walimiminwa kwa ufizi hasa. Kagwe, fundi wa meno ya bandia mwenye kibanda karibu na stage ya matatu ya Kimbo, alikuwa na ule unga wa plastiki anaowatengenezea wazee ufizi mpya, na mchana wateja wakipungua alitengeneza watu. Nyumbani kwake alikuwa na meza kubwa, na juu ya meza hiyo bonde zima, lina miti ya sifongo na maporomoko ya gundi yaliyofanana na yale ya mto Chania. Ndani ya bonde palikuwa na vita ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kupigana.

"Adui wao ni nani?" Emmaculate alimwuliza siku alipoletewa kazi.

"Bado sijaamua," Kagwe alisema, bila haraka yoyote. "Kwanza wapate kamba. Upinde bila kamba ni fimbo ya kuchungia mbuzi."

Wenye kamusi wanasema kamba ya upinde inaitwa upote. Kagwe hakulijua neno, lakini masharti alikuwa nayo tele. Alichukua karatasi akamchorea. Kamba haijui kupinda, alisema, mti ndio hupinda. Upinde ukipumzika, kamba ni mstari mmoja. Mtu akiuvuta mpaka sikioni, kamba inakuwa mistari miwili inayokutana vidoleni, lakini kila mstari umenyooka. Tena kamba hairefuki: kama mkono uko sikioni na mti haujakunjika vya kutosha, huo ni uongo, na yeye uongo hautaki mezani kwake. Pinde za namna hiyo alizichovya kwenye maji ya moto akazikunja upya mwenyewe. Aliyemkosa ni wa kufunga kamba, mpaka akasikia kwamba kuna mama hapo Kimbo, ghorofa ya tatu, aliyewahi kuwa mfunga nzi.

Usicheke. Kufunga nzi ni kazi, na watu wamesomesha watoto kwayo. Huko ng'ambo kuna watu wanaovua samaki kwa starehe, wakimshika wanamrudisha majini, akili zao wanazijua wenyewe. Samaki huyo anadanganywa kwa mdudu wa bandia: ndoana ndogo iliyovikwa unyoya na uzi mpaka ikafanana na nzi. Miaka kumi na nne Emmaculate alikaa kwenye karakana moja ya Thika, juu ya duka la mabati, ndoana imebanwa kwenye jiliwa mbele yake, akifungia mito ambayo hataiona. Pembeni yake, bega kwa bega, alikaa Njambi.

Sasa hapo ndipo hadithi inapouma.

Njambi alikuwa na mikono, wee acha tu. Dianah, msimamizi wao, alizoea kusema kwamba Njambi angeweza kumfunga mbu kamba za viatu. Alikuwa na njia yake. Uzi aliulowesha kwa midomo, akauvuta kwanza mpaka ukachoka kurefuka, ndipo akaanza. Na fundo la kumalizia alilizungusha mara tano, akilikaza wakati pumzi inatoka, kamwe si wakati inaingia. Emmaculate alizungusha mara tatu. Tatu ziliridhisha macho, na idadi ya nzi wa siku ilikuwa lazima ifike. Dirisha lao lilitazama upande wa mto. Asubuhi za Julai ukungu ulipanda kutoka kule maporomokoni ukajaa mtaani, harufu ya mananasi ikiogelea ndani yake, na wale wanawake wawili walifanya kazi saa nzima bila neno, mikono minne inacheza, mpaka Emmaculate hakujua tena ipi ni yake na ipi ni ya mwenzake. Alizipenda saa hizo kuliko kitu chochote maishani. Mpaka leo anaziota.

Miaka sita iliyopita alikuja mkaguzi aliyetumwa na wanunuzi. Emmaculate alisikia chooni kwamba safari hii nzi watalowekwa kwenye bakuli na kuvutwa mmoja mmoja. Wiki hiyo alikuwa ametoka kuugua malaria, amefunga nzi wengine mizunguko mitatu, wengine miwili, na alikuwa ameshapewa onyo mara mbili. Mwanawe Calvince alikuwa ndio anaingia sekondari. Saa ya chai, wenzake wakiwa wamejazana koridoni na vikombe, alisimama mbele ya masinia mawili, lake na la Njambi. Kila sinia lilikuwa na kijikaratasi chenye namba ya mfungaji. Alivibadilisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kupenga kamasi.

Alijiambia kwamba Njambi atakemewa tu. Mfanyakazi bora, hana doa, nani atamgusa? Lakini nzi wa sinia lile walifunguka majini mmoja baada ya mwingine, na mkaguzi hakuwa na habari ya nani bora na nani si bora. Njambi alitoka siku hiyohiyo. Emmaculate ndiye aliyembebea mkoba mpaka stage, akimpigapiga mgongoni na kumfariji kwa yale maneno ambayo watu husema. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila walisahau kusema kwamba kikulacho nacho hulia machozi ya kweli. Emmaculate alilia njia nzima.

Karakana yenyewe ilifungwa miaka miwili baadaye, kwa hiyo hata hiyo kazi aliyoiba haikumfaa kwa muda mrefu. Alihamia Kimbo akawa anafua nguo za watu, na siku moja akamkuta Njambi kwenye kona ya barabara ya vumbi, anauza makaa kwa mkebe. Njambi, yule yule. Tangu hapo alinunua makaa kwake, akitazama mkebe, si uso.

Jumamosi hiyo alimwendea Njambi, lakini si kununua.

"Mama Maxine, nimekwama," alisema, akaeleza habari ya wapiga mishale. "Nyuzi zinalegea. Nataka mkono wako."

Njambi aliinua viganja vyake, vyeusi tititi. "Mkono gani, Ema? Mikono hii iliharibika. Si wewe ulikuwepo ukiona?"

"Njoo unielekeze tu. Usishike kitu."

Njambi alifikiria, akapiga magoti kumjazia mteja mkebe wake, akasimama tena. "Kuongea sijasahau," alisema. "Kesho tukitoka kanisani."

Alikuja na nguo zake za kanisani. Mikono alikuwa ameisugua kwa sabuni na ndimu mpaka ikawa myekundu, lakini makaa yalibaki kwenye mistari ya vidole, na alipoketi aliificha mapajani. Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Yale mashamba ya kahawa ya mwisho mwisho, yasiyogawanywa bado kuwa ploti, yalikuwa yakifutika pole pole dirishani, mstari kwa mstari, hadi pakabaki weupe mtupu. Mlio wa magari ya Thika Road ulififia ukawa kama mtu anayepumua chumba cha pili. Ukitazama, ungesema dunia imekwisha hapo kwenye kioo, na nchi pekee iliyobaki ni ile meza, na raia wake ni wale sitini wenye rangi ya ufizi.

Njambi alishika kioo cha kukuzia akainama. Akawapitia mmoja mmoja.

"Wote wanalenga jikoni kwako," alisema mwishowe. "Umepika nini?"

"Omena, dagaa wa kwetu ziwani."

"Basi wana haki." Akamsogelea mwingine. "Na huyu ni Dianah. Hebu ona kidevu."

Emmaculate akachukua kioo akaona, kweli bwana, ni Dianah mtupu, anavuta upinde kwa ile hasira ya kuulizia idadi ya nzi wa siku. Wakacheka mpaka Njambi akajishika mbavu. Ilikuwa miaka sita hawajacheka pamoja, na kile kicheko kilimwingia Emmaculate kikamchoma, maana alijua hakimstahili.

Ugonjwa wa nyuzi Njambi aliujua mara moja. "Uzi wako haujalala," alisema. "Unaufunga ukiwa bado na hamu ya kurefuka. Usiku ukipata unyevu, unarefuka, asubuhi unalaumu shetani." Akaamuru uzi upakwe nta ya mshumaa, ulowe, kisha uning'inizwe na kitu kizito. Wakafunga nyuzi kwenye vyuma vya dirisha, vijiko vikining'inia chini ya kila uzi. Wakanywa chai wakivitazama vijiko vile vinazunguka taratibu kwenye ule mwanga mweupe, kushoto, kisha kulia, kisha kidogo tu, kisha vikatulia kabisa. Emmaculate alihisi kwamba kama angefumba macho angesikia mto.

"Funga mmoja," alisema.

"Tulisema sishiki."

"Mmoja, nione unavyozungusha. Nimesahau."

Njambi aliangalia mikono yake kama mtu anayeangalia mbwa aliyewahi kumwuma. Akachukua upinde mmoja. Vidole vilikuwa vizito mpaka pale uzi ulipovigusa, kisha vikakumbuka. Fundo kwenye ncha ya juu. Uzi ukashuka mpaka vidoleni mwa kile kijitu, tone la gundi kwa ncha ya pini. Ukashuka tena mpaka ncha ya chini. Mizunguko mitano, na pumzi ikitoka, fundo likakaza. Mistari miwili, yote imenyooka, myembamba hata Emmaculate hakuiona vizuri mpaka aliposogeza kichwa na mwanga ukaipita. Yule mpiga mishale, aliyekuwa tangu juzi mtu wa plastiki aliyeinua mkono bure, sasa alikuwa amezuia pumzi.

"Ngai," Emmaculate alinong'ona, akimwita Mungu kwa Kikuyu, yeye Mjaluo wa Siaya.

"Itafunguka," Njambi alisema. "Leta bakuli."

Alimtumbukiza mpiga mishale majini, akahesabu kimoyomoyo, akamtoa, akauvuta uzi kwa kibanio. Haukusogea. "Ni gundi yako," akasema. Akafunga wa pili bila gundi, akamtia majini, akavuta. Ukashika. "Ni bahati." Wa tatu akashika vilevile, na Njambi akamweka chini akasukuma kiti nyuma. "Uzi wenyewe ni mzuri. Uzi ndio unashika, si mimi."

"Njambi, si unaona kwa macho yako?"

"Hata wale nzi niliwaona kwa macho yangu, Ema. Niliwaona wazuri. Wakafunguka." Alizungumza bila uchungu, kama anayesimulia habari za jirani. "Unajua sijamsuka Maxine tangu siku hiyo? Alikuwa mdogo, alilia, akidhani nimemkasirikia. Nikampeleka saluni. Nilikuwa nasuka nusu ya kanisa letu, unakumbuka. Nikaacha. Kitufe kikikatika natafuta mtu wa kushona. Nilienda hospitali, daktari akanigongagonga vidole, akaniambia mama uko sawa. Nikasema huyu ananionea huruma. Makaa hayataki vidole. Makaa yanataka mgongo tu."

Emmaculate hakuwa na habari. Miaka sita alikuwa akifikiria kwamba deni lake kwa mwanamke huyu ni kazi, na kazi zenyewe zilikuja kwisha kwa wote, kwa hiyo siku nyingine alikuwa akijiambia kwamba yamekuwa sawa, maji yameshamwagika, nani atayazoa. Kumbe alichokichukua pale kwenye sinia ni mikono. Akashika ukingo wa meza kwa nguvu, na wale sitini wakatikisika.

Angeweza kunyamaza. Hebu tuseme ukweli, wewe na mimi pengine tungenyamaza. Kila kitu kilikuwa kizuri mno: ukungu, chai, mwenzake amerudi kwenye kiti cha pembeni, Jumapili nyingine zinakuja. Huenda pole pole, uzi kwa uzi, Njambi angejiamini tena bila mtu kuumia. Lakini alikuwa amemwona akikataa mara tatu na ushahidi uko mkononi mwake, unadondosha maji. Mtu wa namna hiyo hata ungemfungisha kamba za jeshi la dunia nzima, angesema ni uzi.

"Wale nzi hawakuwa wako," Emmaculate alisema.

"Nzi gani?"

"Wa mkaguzi. Walikuwa wangu. Nilibadilisha namba za masinia saa ya chai. Niliogopa kufutwa." Sauti yake ilitoka ndogo, na baada ya hapo hakukuwa na kitu kingine cha kuongeza, ijapokuwa kwa miaka sita alikuwa amejitungia hotuba ndefu yenye Mungu ndani yake.

Njambi hakumtazama. Alikuwa anatazama bakuli.

"Sinia lote?"

"Lote."

"Na langu?"

"Lilikuwa na namba yangu."

"Lilipita?"

"Lilipita."

"Hakuna hata mmoja aliyefunguka?"

"Hata mmoja, Njambi."

Njambi akarudia kwa sauti ya chini, "Hata mmoja." Akageuza viganja juu, akavigeuza chini. Akakunja vidole kimoja kimoja, akianza na kile cha mwisho. Halafu akavuta kiti mpaka kifua kikagusa meza, akanyoosha mkono bila kugeuza kichwa, na Emmaculate, ambaye mwili wake ulijua ishara ile kabla ya akili, akamwekea uzi kiganjani.

Wakafanya kazi. Emmaculate alikata nyuzi, akapaka nta, akashika jiliwa, Njambi alifunga. Mmoja baada ya mwingine wapiga mishale wale walizuia pumzi zao. Mvua iliacha, ikaanza tena. Kuna wakati Njambi alifumba macho na vidole vikaendelea vyenyewe, mizunguko mitano, pumzi, mizunguko mitano, pumzi, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Emmaculate hakuwa amekiona tangu Thika. Ilikuwa mikono minne tena. Emmaculate alijiachilia ndani ya saa hizo kama anayeshuka kwenye maji ya vuguvugu. Alidhani amesamehewa. Alidhani hivyo ndivyo watu wazima husameheana, bila kelele, kwa kufanya kazi pamoja. Machozi ya shukrani yalimtoka, akayafuta kwa bega ili asilowanishe uzi.

Mwanga ulikuwa umeanza kugeuka wa manjano alipofungwa wa sitini. Njambi aliweka mkasi chini, akainuka, akanawa mikono, akaifuta vizuri, katikati ya vidole pia. Akajifunga kitambaa chake cha kichwa mbele ya kioo cha ukutani.

"Ile ya kubadilisha karatasi ningekusamehe," alisema, bado anajitazama kiooni. "Ulikuwa na mtoto wa shule na umetoka kuugua. Mtu akiogopa hufanya vitu. Ningekusamehe hata kabla chai haijapoa."

Emmaculate akakusanya vipande vya nyuzi mezani.

"Lakini pale stage uliniambia nini?"

"Nilikwambia pole."

"Uliniambia nini kingine?"

"Sikumbuki, Njambi."

Njambi akageuka. Ndiyo mara ya kwanza kumtazama tangu aambiwe. "Mimi nilikuwa nimekataa, Ema. Mkaguzi nilimkatalia, Dianah nilimkatalia. Niliwaambia hao nzi si wangu, mimi naujua mkono wangu. Nilikuwa nasema hivyo mpaka stage, si ulinisikia? Ndipo ukanishika hivi, ukaniambia, 'Usibishane, dada. Mimi nakaa karibu na wewe, nimekuwa nikiona. Mikono yako imechoka. Huchoka kabla ya mwenyewe kujua.'" Akakaza fundo la kitambaa. "Wale wengine sikuwaamini. Nilikuamini wewe."

Alichukua mwavuli wake, akatoka, akaufunga mlango taratibu, jinsi alivyofanya kila kitu kwa mikono ile. Hatua zake zilishuka ngazi moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka zikaisha.

Emmaculate alibaki amekaa. Alijaribu kukumbuka. Mkoba aliukumbuka, wa kahawia, kishikio kimoja kimeshonwa. Ukungu aliukumbuka, na mwuza karanga aliyewapisha njia. Vijikaratasi alivikumbuka mpaka pembe zake, hasa kile kilichokuwa na doa la chai. Alikaa hapo mpaka asiweze tena kuiona meza, akiyatafuta hayo maneno ya mikono iliyochoka, na hakukumbuka kuyasema.